Kona ya Bibi haina nyuzi tisini

Naam, nimerudi. Wiki tatu nimekuwa kimya, na waliokutana nami Darajani wakaniuliza kama nimeoa. Sijaoa jamani. Nilikuwa juu ya paa.

Wapenzi wasomaji, leo sina siasa, sina mpira, wala sina habari za foleni ya boti bandarini. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kipande cha bati. Najua mtu ameshaanza kupiga miayo. Ngoja kidogo. Kipande hicho kilikuwa kinataka kuiangusha nyumba ya bibi yangu.

Nyumba yenyewe iko Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, pale ambapo ukikutana na mwenye baiskeli mmoja wenu lazima apande barazani kwa watu. Ina ghorofa mbili na imekaa pembeni, yaani vichochoro viwili vinakutana kwenye ubavu wake. Bibi alizaliwa humo, akaolewa humo, akazaa humo. Ukimwambia ahamie Mombasa, namaanisha ile Mombasa yetu ya hapa Unguja, kwenye nyumba ya matofali ya mama yangu, anakujibu kwa swali moja tu: "Nikafe kwa watu?"

Masika ya mwaka huu yalipokolea, doa la maji kwenye ngazi za ghorofa ya juu, ambalo mwaka jana lilikuwa ukubwa wa sahani, likawa ukubwa wa mkeka. Bibi akatandika ndoo mbili na sufuria moja. Halafu siku moja nikampelekea mkate wa ajemi, nikaegemea ukuta kwa bega, na plasta ikanijibu kwa sauti ya utupu, kama ngoma. Nikabonyeza kwa kidole. Kidole kikaingia.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Kwa wasioujua mji wetu, nieleze kidogo. Kuta hizi si za matofali wala zege. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa nyingi na udongo, na juu yake dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale vya mji huu vingi ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mkavu, boriti hukaa miaka na miaka, wajukuu wakazaliwa juu yake. Ukuta ukilowa na kubaki umelowa, ncha ile inaoza kimyakimya ndani ya jiwe, na wewe huioni. Unaona chumba kiko sawa, kitanda kiko sawa, picha ya marehemu babu iko sawa. Mpaka siku isipokuwa sawa.

Tena sisi wenyewe tuliongeza ubaya. Miaka ya nyuma familia ilichanga pesa ukuta ule ukapigwa plasta ya saruji, ukapakwa rangi, tukapongezana. Chokaa hupumua. Maji yakiingia, yanapata njia ya kutoka polepole kama jasho. Saruji inayafungia ndani. Kwa hiyo tulikuwa tumemvalisha mgonjwa wa homa koti la mvua.

Sasa mtasema, wewe si mwandishi wa habari? Hukujua hayo? Hapa lazima nikiri jambo. Gazetini kwetu, kila masika, huwa naandika ile habari mnayoijua: ukuta umeanguka mtaa fulani, hakuna aliyejeruhiwa, sheha amesema, kiongozi ametembelea. Na kila mara naandika "kutokana na mvua kubwa zinazoendelea kunyesha". Maneno hayo nimeyaandika mpaka vidole vinayajua vyenyewe. Mhariri hajawahi kuyakata. Lakini hebu tujiulize: mvua ilinyesha Unguja kabla hujazaliwa wewe, na ukuta ulikuwepo. Kwa nini uanguke mwaka huu? Maji yaliingilia wapi? Sijawahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo. Sijawahi hata kuinua kichwa nikatazama juu.

Desemba 25, 2020, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake ya mbele mchana kweupe wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niko nyumbani likizo. Nilikwenda Forodhani nikasimama kama watu wengine. Vumbi, watu kimya, wazee wanalia. Sisemi kwamba jumba lile liliangushwa na gata. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile, nikisikia plasta inalia kama ngoma, tumbo linanikata.

Basi nikampigia simu mjomba.

Mjomba wangu ni fundi bati. Ana kibanda chake Ng'ambo, na tangu ujana wake ametengeneza kila kitu kinachoweza kukunjwa: makarai, majiko, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mabomba ya kutolea moshi wa mikate, magata. Swali la kwanza mtakalouliza ni lile nililojiuliza mimi pia: mtoto wa nyumba ni fundi bati, vipi gata la mama yake livuje? Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Lakini ukweli ni mzito zaidi. Nyumba ni ya urithi, warithi ni wengi, wengine wako Dar, wengine Maskati, na kila mmoja anasubiri mwenzake atoe pesa kwanza. Na mjomba mwenyewe magoti yamekwisha. Miaka saba hajapanda kwenye lile paa. Gata lilipooza kabisa, aliitwa fundi mwingine, akafunga la plastiki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kulikoni?" Maana kwetu huku mjomba na mpwa wanaitana jina moja.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni ile kona. Hebu nimlete mwanao."

"Mwanangu" mwenyewe ni mtoto wake wa kiume, mdogo kwangu kwa miaka miwili. Amesoma ufundi, ana cheti, ana laptopu aliyoinunua kwa mkopo, na hana ajira. Huyu bwana ana wazimu mmoja: programu za kuchorea vitu kwenye kompyuta. Anatumia FreeCAD, ambayo haiuzwi, unaipakua bure, na ukiongeza ndani yake kifurushi cha kazi za bati unaweza kuchora sanduku zima, ukalizungusha kwenye skrini kama embe mkononi, kisha ukaliamuru lifunguke. Linafunguka kweli! Linajilaza bapa kama boksi la viatu lililokatwa gundi, na hapo unaona umbo ambalo mkasi unatakiwa kulifuata.

Tatizo ni kwamba baba na mtoto hawaelewani juu ya mashine ile. Baba anaiita "sinema yako". Lakini si mchezo. Mwaka jana hoteli moja ya kaskazini ilitaka mabomba ya bati ya kupitishia hewa jikoni, wakaomba michoro kabla ya kutoa kazi. Mjomba hachori. Kazi ikaenda kwa watu waliochora. Mtoto alitaka sana kumthibitishia baba yake kwamba kibanda kile hakiwezi kuendelea kwa kukadiria. Na baba alitaka sana kumthibitishia mtoto kwamba bati halijui Kiingereza. Gata la Bibi likawa uwanja wao wa fainali. Mimi nikawa mshika kibendera.

Tulipanda mimi na mdogo wangu, tukatokea kwenye kijidirisha cha darini, kila mmoja amefungwa kamba kiunoni, na mjomba yuko chini kichochoroni anatupigia kelele. Paa ni la mabati, kama mapaa mengi ya mji huu. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, yakawa yanavuja, baadaye watu wakaezeka mabati juu yake. Na bati, tofauti na chokaa, halinywi hata tone. Mvua yote inayopiga paa zima inateremka mbio mpaka ukingoni, inaingia kwenye gata. Gata likiwa zima, maji yanakwenda kwenye bomba yakateremka zake. Likiwa na tundu, umechukua mvua ya paa zima ukaimwaga mahali pamoja.

Na mahali pamoja palikuwa kwenye kona. Yule fundi wa plastiki alinunua kona iliyotengenezwa tayari kiwandani, ya mraba kabisa, akailazimisha kwa misumari na gundi. Jua likaikausha gundi, ikapasuka. Nilitia mkono mzima.

Mdogo wangu akapima upana, kina na urefu kwa utepe. Usiku ule akachora. Gata la umbo la sanduku, kitako milimita 125, mbavu mbili zilizosimama, na midomo miwili iliyokunjwa juu kwa ugumu. Kwenye kona, vipande viwili vinakutana kwa mshazari, kila kimoja kimekatwa nyuzi 45, kama fremu ya picha. Kwenye skrini ilikuwa nzuri jamani. Mwanya kati ya vipande viwili unauandika mwenyewe, programu inakutii. Tukachapisha kigezo, tukakiweka juu ya bati, tukakata, tukakunja.

Tukapanda. Haikukaa.

Yaani haikukaa hata kidogo. Pembe za nje zilipogusana vizuri, upande wa ndani, upande wa ukuta, palibaki mwanya unaoingia vidole viwili. Mahali pabaya kuliko pote. Kama mtu angekaa akabuni njia bora ya kuumwagia ukuta maji, asingeshinda hapo. Mdogo wangu akaanza kulaumu mkasi, akalaumu bati, akanilaumu mimi niliyeshika mwisho wa utepe. Chini kichochoroni mjomba hakucheka. Alisema tu, "Teremkeni. Mmeupima urefu, mmeupima upana. Kona yenyewe nani ameipima?"

Hakuna aliyeipima. Programu ilianza na nyuzi 90, kwa sababu hujaiambia vingine, na sisi tukaiachia. Nani anauliza kama kona ni kona?

Lakini huu ni Mji Mkongwe! Nyumba hizi hazikupangwa kwa rula. Zilifuata kichochoro, na kichochoro kilifuata miguu ya watu, au ukuta wa jirani, au mti uliokuwepo enzi hizo. Nenda leo ukatazame pembe za nyumba kumi, ukipata moja ya mraba kamili nitakununulia urojo.

Mjomba akatoa kwenye mkoba wake vijiti viwili vya mbao vilivyounganishwa ncha kwa boliti moja. Basi. Hicho ndicho kifaa. Akasema tukaviweke kwenye kona, kijiti kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule, tukaze boliti, tusiguse tena. Mdogo wangu akaenda kuinama pale pale mlangoni, kwenye kona ya chini. Mjomba akamkemea: "Gata linakaa wapi, chini au juu? Ukuta wa juu si ukuta wa chini, mwanangu. Nyumba imezeeka, imeegemea. Pima pale bati litakapolala."

Tukapanda tena, tukapima chini kidogo ya paa. Tukateremsha vijiti kwa uangalifu kama tunateremsha yai.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza. Mjomba akavilaza vijiti juu ya bati jipya, akachora pembe kwa msumari. Hakutaja nyuzi hata mara moja. Akachukua uzi wenye msumari, akapiga tao kutoka kwenye ncha ya pembe likakata mistari yote miwili. Kutoka kila mkato akapiga tao jingine, mawili yale yakapishana kati. Akaunganisha pale yalipopishana na ncha ya pembe. Mstari ule umeigawa pembe nusu kwa nusu. "Hapa ndipo mkasi unapita," akasema. Wale mnaokumbuka hesabu za sekondari mtacheka: ni lile somo la bikari tulilokuwa tunalikimbia.

Mdogo wangu naye akachukua kipimapembe akakiweka kwenye vijiti. Nyuzi 101. Nusu yake 50.5. Akafungua laptopu hapo hapo barazani, watu wamekwishajaa, akafuta 90 akaandika 101. Kila kitu kwenye mchoro kikajisogeza chenyewe, mbavu, kitako, midomo. Mstari wa mkato aliouona kwenye skrini na mstari aliouchora baba yake kwa uzi vilikuwa ndugu pacha.

Tukakaa kufanya hesabu, maana mwandishi akishika namba haachii. Ukikata kitako cha milimita 125 kwa nyuzi 45, ubavu wa ndani unakuwa mfupi kuliko wa nje kwa milimita 125 hizo hizo. Ukikata kwa nyuzi 50.5, unakuwa mfupi kwa milimita 103 tu. Kwa hiyo sisi mara ya kwanza tuliula ubavu wa ndani milimita 22 kila upande. Vipande viwili vikikutana kwenye kona ya nyuzi 101, kasoro ile inafungua mwanya wa milimita 34 hivi. Vidole viwili! Kosa la nyuzi tano na nusu kwenye mkasi. Ukiliangalia kwenye karatasi hulioni.

Na makosa hayakuishia hapo. Kuna jambo mjomba anasema, "kila kunjo lina haki yake". Bati ukilikunja, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na katikati kuna mstari ambao haurefuki wala haufupiki. Ukijumlisha vipimo vya nje vya gata lote ukakata bati la urefu huo, litakuwa kubwa kupita kiasi. Kompyuta inalijua hilo vizuri. Inakuuliza unene wa bati, mviringo wa kunjo, na namba moja inayoeleza mstari ule wa katikati umekaa wapi, wanaiita K. Kwa bati letu la milimita 0.5, mviringo wa milimita 0.5 na K ya 0.44, kila kunjo la mraba linakudai upunguze karibu milimita 0.9. Gata letu lina makunjo manne, kwa hiyo milimita 3.5. Mjomba bila K wala hesabu hupunguza "unene wa kucha mbili tatu" akimaliza. Tulipima kucha. Sitawaambia jibu, mdogo wangu asije akaninunia.

Halafu tulikuta mchoro wa kompyuta umekata kijitundu pale makunjo mawili yanapokutana na mkato. Nikadhani ni kosa. Mjomba akachungulia skrini kwa mara ya kwanza, akavaa miwani. "Hiki umekiweka wewe?" "Hapana baba, imeweka yenyewe. Bila hivyo bati linachanika." Mjomba akanyoosha mkono kwenye gata kuukuu lililokuwa limetupwa uani, lile alilolitengeneza yeye enzi zake, akatuonyesha tundu dogo kwenye kona, limetobolewa kwa msumari kisha likazibwa kwa lehemu. Wakatazamana. Hakusema kitu, ila kuanzia hapo hakuiita tena sinema.

Kuchapisha nako kuna kisa. Stesheni ya kuchapishia umeme ulikatika mara mbili, na uliporudi karatasi ikatoka, tukaichukua mbio. Mjomba akaweka utepe juu yake: hapa palipoandikwa 103 pana 100. Mashine ilikuwa imeupunguza mchoro ili utoshe kwenye karatasi! Siku hizi mdogo wangu anachora mstari wa milimita 100 pembeni ya kila kigezo, ukitoka mashineni anaupima kwanza. Ukiwa na kipungufu, karatasi inatupwa.

Safari ya tatu, ilikaa. Ilikaa hivi, bila kulazimishwa, kama kifuniko cha chungu chake. Tulikuwa tumeacha ulimi wa milimita 20 kwenye kipande cha chini ili cha juu kiulalie, maji yapite juu ya kiungo, yasiingie chini yake. Ni kanuni ile ile ya kuezeka. Tukapiga ribiti, kisha tukalehemu. Mjomba hataki gundi kwenye kona. Bati lilikuwa jeupe la kawaida, lisilo na rangi, maana la rangi halishiki lehemu. Alisafisha kiungo kwa asidi, akapitisha chuma cha moto, lehemu ikakimbia kwenye mwanya kama samli, kisha akaosha kwa maji mengi. Asidi ikibaki, alisema, italila bati kabla ya bahari kulila. Kazi hiyo yote aliifanyia chini, barazani, sisi tukaipandisha kona nzima kwa kamba. Bibi alikuwa dirishani anatoa amri ambazo hazikuombwa.

Pesa? Tulitoa watatu. Mimi mshahara wa nusu mwezi, mama yangu, na mjomba bati na mikono yake. Warithi wengine tuliwatumia picha. Mmoja wa Maskati alijibu kwa kidole gumba.

Usiku wa tatu mvua ikaja. Nililala kwa Bibi makusudi. Saa nane hivi ngurumo ikapiga, nikachukua tochi nikapanda darini, nikatoa kichwa kwenye kijidirisha. Maji yalikuja kutoka upande wa kichochoro kikubwa, yakafika kwenye kona, yakageuka, yakaendelea na safari yake mpaka kwenye bomba. Hayakusita. Nikamulika ukuta chini ya kona. Mkavu. Nimeshinda mara moja moja katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kufurahi vile, peke yangu, nimelowa kichwa, namulika ukuta.

Nisiwadanganye, hatujamaliza. Ukuta ulioshiba maji haukauki kwa wiki moja. Tumeanza kuibandua ile saruji, na tutapiga chokaa. Tulipobandua tukakuta ncha mbili za boriti zimekuwa kama mkate uliolowekwa, tumeweka nguzo chini yake mpaka zibadilishwe. Bibi amekubali kulala chumba cha mbele kwa muda. Kwa Bibi, hayo ni mapinduzi.

Hoteli nyingine imeomba michoro. Mdogo wangu amechora, na mjomba ndiye aliyekwenda kupima. Alikwenda na vijiti vyake.

Na mimi nilirudi kazini. Wiki iliyopita ukuta mwingine ulianguka, mtaa sitautaja. Nilikwenda, nikaandika majina, nikaandika alichosema sheha. Nikafika kwenye mstari ule, vidole vikaanza vyenyewe "kutokana na mvua kubwa". Nikasimama. Nikarudi kwenye eneo, nikamwomba jirani ngazi. Juu kulikuwa na gata, na kwenye kona ya gata kulikuwa na mfuko wa plastiki umezibwa kwa tambara. Niliandika hivyo. Mhariri alinipigia simu, "Haya mambo ya matambara umeyatoa wapi?" Nikamwambia nilipanda.

Aliiacha ikapita, ila aliikata ikabaki aya tatu. Si haba.

Haya ndugu zangu, kabla masika hayajarudi, panda ukatazame kona ya gata lako. Na ukienda dukani kununua kona, beba vijiti viwili. Tuonane wiki ijayo inshallah.